Mkono umeshonwa, sasa kazi ni yako

Haya nayaandika kwa mtu aliyetoka hospitali juzi, mkono umefungwa hogo, yaani plasta ngumu ya hospitali, vidole vimevimba, na kila anayekuja kumpa pole anamwachia na ushauri. Mimi ni fundi cherehani, nakaa Ujiji, Kigoma. Kioo cha kabati kilinipasukia mkono wa kulia, pale kwenye kifundo upande wa kiganja, kikakata kano za vidole na mshipa mmoja wa fahamu. Kano ni zile kamba zinazotoka kwenye nyama ya mkono kwenda kuvuta vidole vikunjike. Mshipa wa fahamu ndio unaoleta hisia, na huo wangu unahudumia dole gumba, kidole cha shahada na cha kati. Kwa mshona nguo, vidole hivyo vitatu ndiyo duka lenyewe.

Daktari aliunga kilichokatika kwa saa chache. Miezi iliyofuata ikawa juu yangu, na hapo ndipo wengi wanapoupoteza mkono: mmoja anauogopa mpaka unakakamaa, mwingine anaulazimisha mpaka kano inachanika. Nitakueleza nilivyopita katikati yao. Pale nitakapotofautiana na aliyekushona, mfuate yeye, maana yeye ameuona mkono wako kwa ndani.

Kama ndiyo kwanza umekatwa

Bana kidonda kwa kitambaa safi, ubane kweli, na mkono uunyanyue juu. Vua pete na bangili kabla vidole havijavimba. Usitie majivu, kahawa, mafuta ya taa wala dawa ya meno. Vyote hivyo vitakuja kusafishwa kimoja kimoja, na utalia kuliko ulivyolia kukatwa. Kama kidole kimeng'oka kabisa, kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu, kitie kwenye mfuko usiopitisha maji, halafu mfuko ndio uukalishe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Ukiwa Kibirizi au Katonga, barafu ya samaki haitakupa shida kuipata. Nenda nacho, uamuzi wa kurudishwa au kutorudishwa uwe wa daktari.

Kuna jambo moja hapa linalozidi mengine yote. Kabla ngozi haijashonwa, jaribu kukunja kila kidole peke yake, kisha uguswe kila ncha huku umefumba macho. Kidonda cha sentimita 2 kinaweza kuwa kimekata kano chini yake. Ukishonwa ngozi tu, damu ikakoma, utajiona umepona, kumbe ncha za kano zimeshajivuta juu ndani ya mkono. Ukirudi baada ya wiki kadhaa, kuziunganisha ni kazi ngumu kuliko ingekuwa siku za mwanzo. Kwa hiyo sema kwa mdomo wako: "Kidole hiki hakikunji, na hiki hakina hisia, naomba rufaa." Mkoani kwetu rufaa ni Maweni, na kazi ikizidi hapo ni Bugando kule Mwanza, au MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam. Ulizia sindano ya pepopunda. Aliyekatwa na mtu, au aliyeumia kwenye ajali ya barabarani, atatakiwa fomu ya polisi, PF3, lakini damu ikiwa inamwagika, hospitali kwanza.

Uvimbe

Watu wanadhani maumivu ndiyo tatizo la wiki ya kwanza. Maumivu yana vidonge. Uvimbe ndio wa kuogopwa, maana ule umajimaji ukikaa kwenye viungo kwa wiki kadhaa unageuka makovu ya ndani, na hata vidole ambavyo havikukatwa vinagoma kukunja. Dawa yake ni kuuweka mkono juu kuliko moyo, mchana na usiku, hasa wiki mbili za mwanzo.

Kile kitambaa cha kuning'iniza shingoni wengi wanakifunga vibaya: kiganja kinakaa chini ya kiwiko na maji yote yanateremkia vidoleni. Tena bega lililofungwa wiki tatu nalo linakaza. Kitambaa kivae sokoni na kwenye bajaji ili watu wasikugonge. Nyumbani kivue. Ukikaa, panga mito au vitenge vilivyokunjwa mezani mpaka kiganja kiwe juu ya kiwiko. Ukilala, lala chali, mkono juu ya mito miwili kando yako. Mimi nilifunga kanga kwenye fremu ya chandarua, ikawa kitanzi cha kushikilia mkono nisiuteremshe usingizini. Ukitembea, weka kiganja juu ya bega la pili, au kichwani. Hapo kichwani una kazi, kwa sababu kwetu mtu akipita amejishika kichwa, kila mlango unauliza nani amefariki. Waambie hakuna msiba, ni daktari kasema.

Kila unapokumbuka, nyanyua mkono mzima uelekee dari, kunja na kunyoosha kiwiko, na vidole ulivyoruhusiwa kuvichezesha vichezeshe.

Kagua kucha. Bonyeza ukucha mpaka uwe mweupe, uachie. Rangi irudi mara moja. Vidole vikiwa vya baridi au vimebadilika rangi, au maumivu chini ya hogo yanazidi badala ya kupungua, usingoje asubuhi. Hogo limebana. Panda bodaboda usiku huo huo wakalipasue. Rudi haraka pia ukiona usaha, harufu, homa, ngozi yenye joto na wekundu unaopanda kuelekea kiwikoni, au kidole kimoja kimevimba chote, kimejikunja nusu, na kukinyoosha kidogo tu unapiga kelele. Hicho cha mwisho ni cha upasuaji wa haraka, si cha kwenda kununulia vidonge duka la dawa.

Kula. Mwili unaojishona unataka dagaa, migebuka, maharage, mayai. Mvutaji aiweke sigara kando, kwa sababu inabana ile mishipa midogo ya damu inayolisha kidonda.

Hogo la nusu na mazoezi yaliyomo ndani yake

Aliyekatwa kano za kukunja kwa kawaida hufungwa hogo la nusu, lile linalofunika mgongo wa mkono tu, vidole vikiwa vimeinamia upande wa kiganja. Kunyoosha ndiko kunakovuta pale palipounganishwa, na hogo liko hapo kuvizuia vidole visipite mpaka. Linakaa kama wiki 6, usiku na mchana. Kulivua ili uoge vizuri, ujikune, au upendeze kwenye picha za harusi ya wifi, hapana.

Na humo humo ndani ya hogo kuna mazoezi. Hili liliwashangaza watu wote wa nyumbani. Kano iliyoshonwa ikitulia wiki 6 bila kusogea inagandana na nyama zilizo jirani, na baadaye kidole hakikunji ingawa kano yenyewe ni nzima. Inabidi itelezeshwe kidogo kidogo bila kuvutwa kwa nguvu. Mtaalamu wa fiziotherapia, yule wa mazoezi ya viungo, atakuonyesha kwa mkono wako mwenyewe. Mimi nilielekezwa hivi: kwa mkono mzima kikunje kidole kimoja taratibu kuelekea kiganjani, hesabu mpaka tatu, kisha kiache kinyooke chenyewe mpaka kiguse hogo. Hapo basi. Rudia mara 10 hivi kwa kila kidole, kila baada ya saa moja au mbili ukiwa macho. Wengine huruhusiwa mapema kukunja kidole chenyewe kwa nguvu yake kidogo. Hilo mpaka aliyekushona aridhie, kwa sababu linategemea uimara wa mshono wake.

Saa ya ukutani hainikumbushi kitu mimi, kwa hiyo mazoezi niliyafunga kwenye mambo ambayo yangetokea tu: adhana, taarifa ya habari redioni, maharage kuongezwa maji.

Mkono huo usishike chochote. Simu, ufunguo, hata kijiko, hapana. Mshono wa kano ni dhaifu zaidi wiki mbili tatu za mwanzo, na bado unaweza kuachia mpaka kuelekea wiki ya 12. Huachia pale mtu anapojisikia amepona: anadaka kikombe kinachodondoka, anamvuta mtoto anayekimbilia barabarani. Ukisikia kitu kimekatika kwa ndani, au kidole kilichokuwa kikikunja jana leo kimegoma ghafla, rudi siku hiyo hiyo. Kikiwahiwa, mara nyingi kinashonwa tena.

Najua wapo wanaotoka Mwamgongo au Kalya kwa boti, na hawawezi kuja kila wiki. Nenda kwa mtaalamu na mtu unayelala naye nyumba moja, aone kwa macho yake. Omba ruhusa urekodi kwa simu mkono wako ukifanyishwa mazoezi. Na usitoke mle ndani kabla hujajibiwa kidole gani kisogee, kisogee mpaka wapi, na kipi ni marufuku mpaka tarehe ngapi.

Wageni na mabeseni yao

Kwetu mgonjwa hakosi mkandaji. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Kasulu na begi moja na nia moja. Asubuhi ya pili nikamwona anaingia na beseni la maji yanayofuka mvuke, chumvi imeshayeyushwa humo, taulo begani.

"Mwanangu, lete huo mkono. Ukiuacha hivyo utakauka."

"Mama, daktari amekataza maji ya moto. Vidole havisikii, vitababuka na wala sitajua."

"Madaktari wa siku hizi! Mimi nimekanda wangapi?"

"Najua, mama. Basi nikande bega, usiku linanikesha."

Akanikanda bega na shingo, na kwa kweli vilikuwa vimekaza. Usiku ule nililala. Tangu hapo bega likawa lake, na ndiye aliyekuwa akinisimamia mazoezi adhana ikilia, kwa ukali kuliko yule mtaalamu. Mtu wa namna hiyo mpe kazi, usibishane naye.

Maji ya moto siku za mwanzo yanaongeza uvimbe, na kwenye mkono wenye ganzi yanaunguza ngozi bila wewe kushtuka. Na wale wazee wa kuunga mifupa vijijini, nawaheshimu kwa mengi, lakini kwa kano iliyoshonwa siwapi mkono. Kuvuta kunachana mshono, na vijiti vilivyofungwa vikabana vinakata damu mpaka vidole vinaoza.

Kuishi na mkono mmoja

Ukiumia mkono wa kulia, wa kushoto ndio utakaokulisha. Wazee wanakunja uso, basi tumia kijiko, hata kwa ugali. Ladha inapungua, shibe haipungui. Kusalimiana nako kuna hatari yake, maana watu wetu wakikushika mkono hawauachii upesi. Weka mkono wa kushoto kifuani, uiname kidogo, hogo lionekane. Usimpe mtu vidole vyako avitikise, hata akiwa mchungaji au sheikh.

Kwa Waislamu wenzangu: udhu uko. Osha panapoonekana, kisha pitisha mkono wenye maji juu ya bendeji. Maji yakiwa na madhara, kuna tayamamu. Muulize sheikh wako moyo utulie, lakini usilimwagie hogo maji, likilowa linalegea.

Aliyeumia mkono wa kushoto ana shida nyingine ambayo hamwambii mtu, nayo ni chooni. Chukua chupa ya maji ya plastiki, toboa kifuniko, ukiibana inarusha maji. Inakupa heshima yako bila kumwita mtu.

Kuoga kunataka mfuko. Mifuko ya rambo imepigwa marufuku tangu 2019, kwa hiyo tunza mifuko ya mkate, vaa miwili, funga juu kwa utepe wa kitambaa, na mkono ubaki nje ya maji hata hivyo. Nguo ziwe pana: dera, kanzu, shati la vifungo. Mkono mgonjwa uingie kwanza wakati wa kuvaa na utoke mwisho wakati wa kuvua. Sidiria zangu niliagiza mwanafunzi wangu azigeuze zifungwe kwa mbele, na wateja wawili wakaja kutaka hivyo hivyo.

Jikoni nilikuwa na ubao uliopigiliwa misumari miwili kutoka chini, ncha zimetokeza juu. Kitunguu, kiazi, kipande cha muhogo unakichomeka hapo, unamenya na kukata kwa mkono mmoja. Chini ya bakuli tandika kitambaa chenye unyevu lisiteleze. Kusonga ugali waachie wenye mikono miwili.

Hogo likitoka

Jiandae kuuona mkono mgeni. Umekonda, ngozi inabambuka, una harufu, na ukiuambia ukunje unakunja robo. Ndivyo unavyotakiwa kuwa siku hiyo. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, upake mafuta, kazi ianze.

Kovu kwanza. Likishafunga kabisa, halina ukoko wala unyevu, lisugue kwa dole gumba la mkono mzima, kwa mviringo, ukibonyeza kiasi cha kuisogeza ngozi juu ya kilicho chini yake. Dakika 5, mara tatu au nne kwa siku, kwa miezi. Mafuta ya nazi au vaselini yanatosha. Mawese yatakuharibia nguo. Ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, yanafanya kazi kama una pua ya kuvumilia. Ukitoka juani lifunike, kovu changa linaungua upesi na kuwa jeusi.

Kisha vidole. Kila kidole kina kano mbili za kukunja zinazopita pamoja, na ukikunja ngumi ile ile moja siku nzima hazitelezi kila moja kwa njia yake. Kwa hiyo kuna mikao. Nyoosha vidole vyote. Kunja viungo vya kati na vya mwisho tu, mashina ya vidole yamenyooka: huo ni mkao wa ndoano, na ndio mgumu. Nyoosha tena. Kunja ngumi kamili. Nyoosha. Kunja mashina tu huku vidole vimenyooka, mkono uwe meza. Mwisho ngumi bapa, ncha za vidole ziguse chini ya kiganja bila viungo vya mwisho kukunjwa. Baada ya hapo shika kila kidole kwa mkono mzima chini ya kiungo cha mwisho, ukizuie, ukunje hiyo ncha peke yake. Kabla ya mazoezi loweka mkono dakika 10 kwenye maji ya uvuguvugu, uyapime kwanza kwa mkono mzima. Siku niliporuhusiwa hivyo, beseni la mama mkwe likapata kazi.

Waliokatwa mshipa kama wangu wataona dole gumba limelala, haliji kukabiliana na vidole vingine. Ile ngozi kati yake na kidole cha shahada ikiachwa inafupika. Jioni nikikaa nilikuwa naibana chupa ya maji katikati yake, chupa ndogo kwanza, kisha nene, ili nafasi ibaki wazi mpaka nguvu irudi.

Nguvu nayo ina ngazi. Sifongo lenye maji, kisha karibu wiki ya 8 donge la unga wa chapati. Kukamua kitenge kilicholowa, ndoo, jembe, panga, kuni, mwiko wa ugali, ni baada ya wiki 12 na kwa ruhusa. Nilijipimia kwa asubuhi: mkono ukiamka umevimba kuliko jana, jana nilizidisha, leo napunguza. Siuachi. Lakini ukipata maumivu ya kuunguza yasiyolingana na kidonda, mkono unang'aa, unatoka jasho, unabadilika rangi na joto, usijikaze. Hilo ni tatizo la mishipa ya fahamu linalotibika vizuri likiwahiwa.

Hisia zinakuja kwa milimita

Mshipa wa fahamu ulioshonwa huota upya kutoka penye kidonda kuelekea vidoleni, kwa wastani wa milimita 1 kwa siku, na hauanzi mara moja. Kuna wiki za mwanzo ambazo hakuna kinachosogea. Nilichukua futi yangu ya dukani nikapima kutoka kwenye kovu mpaka ncha ya kidole cha kati. Sentimita 18. Yaani milimita 180, miezi sita ya kuota tu, bila kuhesabu zile wiki za kuanza. Hesabu hiyo ilinituliza kuliko pole zote za Ujiji. Pima wako, andika ukutani, uache kujichoma sindano kila asubuhi kuangalia kama kuna habari.

Habari zinakujaje? Gongagonga taratibu kwa ncha ya kidole kuanzia kwenye kovu kwenda mbele. Pale panaporusha shoti ndogo kuelekea vidoleni ndipo mshipa ulipofikia. Weka alama kwa kalamu kila mwisho wa mwezi, upige na picha. Alama ikisimama pale pale miezi mitatu, mpelekee daktari picha zako.

Wakati huo wote mkono hautoi taarifa. Pasi ya mkaa, mfuniko wa sufuria, kikombe cha chai, chuma kilichoachwa juani: utaungua na utajua kwa harufu. Shika vya moto kwa mkono mwingine, na kila jioni ukague vidole chini ya taa. Ngozi isiyo na hisia haitoi jasho, inakauka na kupasuka, kwa hiyo mafuta tena.

Hisia zikianza kurudi zinakuja na fujo: sisimizi wanatembea, umeme, unaguswa cha shahada unasikia cha kati. Kichwa kinajifunza mkono upya, nawe unaweza kukifundisha. Nilijaza kikapu mabaki ya dukani: taulo, satini, drili, lesi, kitenge kipya chenye nta, kanga iliyofuliwa mpaka ikalainika. Unagusa ukiangalia, unafumba macho unagusa tena, unataja, unafumbua. Anza na vinavyotofautiana sana, taulo na satini. Siku nilipotenganisha kitenge na kanga bila kuangalia nilimwita mwanafunzi wangu ashuhudie. Baadaye vikafuata vifungo, cha matundu mawili na cha manne. Mvuvi atumie vipande vya nyavu, macho ya dagaa na macho makubwa. Mkulima ana maharage, karanga na mahindi. Na kovu lenyewe likiwa halitaki kuguswa hata na upepo, lizoeze kwa pamba, kisha kitambaa laini, kisha taulo, kisha uzamishe mkono kwenye beseni la mchele, la maharage, na mwisho mchanga mkavu.

Kurudi kwenye cherehani

Mimi nilirudi dukani kabla ya mkono wangu. Mwanafunzi alishona, mimi nikapokea wateja, nikapima kwa kushoto na kumtajia namba aandike. Msimu wa sare za shule wa Januari ulinikuta hivyo na haukunipita. Kama una kazi ambayo macho na mdomo vinaweza kuifanya, rudi mapema. Kukaa nyumbani kuutazama mkono kunaleta mawazo. Usiku kile kioo kilikuwa kinarudi kupasuka, nashtuka nimelowa jasho. Nilimweleza muuguzi siku ya kubadilisha bendeji, na kulisema tu kulisaidia. Ndoto zikikung'ang'ania, liseme hospitali kama unavyosema maumivu.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na miguu haikukatwa. Baada ya kuruhusiwa nilianza na mishono mirefu iliyonyooka, mashuka na mapazia, mkono mgonjwa ukiongoza kitambaa bila kukivuta. Kidole cha shahada nilikizungushia plasta ya rangi, jicho likumbuke kiko wapi sindano inaposhuka. Kushona kwa mkono, vaa kile kikofia cha chuma cha kidoleni hata kama zamani ulikidharau.

Mkasi ndio wa mwisho. Kwanza ule mdogo wa kukatia nyuzi. Mkubwa wa chuma baada ya wiki 12, tena kwa kitambaa cha pamba tabaka moja, drili iliyokunjwa mara mbili isubiri. Vishikio nilivizungushia tepe za kitambaa vikawa vinene, kwa sababu kitu kinene kinashikika kwa nguvu ndogo. Fanya hivyo kwa kijiko, kalamu, mpini wa panga, chochote ambacho vidole vinakiponyoka.

Kama uliumia ukiwa kazini kwa mtu aliyekuajiri, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya 2008. Mwajiri anatakiwa atoe taarifa ya ajali. Mkumbushe kwa maandishi mapema na utunze kila karatasi ya hospitali. Sisi tuliojiajiri tunabaki na bima zetu na vikoba vyetu, ndiyo maana nasema duka lisifungwe.

Na kubali kugawa kazi. Lesi naibandika mwenyewe, pindo napiga mwenyewe, suti ya kitenge naikata mwenyewe. Matundu ya vifungo vya kushona kwa mkono bado nampa mwanafunzi wangu, na bei ni ile ile.